K ya Ripley (kipimo cha kama nukta zimejikusanya au zimetawanyika) inasema seli za mfupa zimejikusanya, niiamini?

mdau_maabara: Wakuu kwema? Nina kipande cha mfupa wa paja wa ng'ombe, nimeuchukua buchani tu, nikakisaga mpaka kikapitisha mwanga, na kwenye maikroskopu vile vishimo vya osteosaiti (seli za mfupa) vinaonekana vyeusi safi kabisa vimezunguka mifereji ya Havers. Nikaweka nukta kwa kila kishimo kwenye ImageJ (programu ya picha), nikahamia R (programu ya takwimu), nikapiga K ya Ripley kwa kifurushi chake cha spatstat, sasa mstari umepanda juu ya ule wa kubahatisha (πr², r ni umbali kutoka kila nukta) karibu kote. Niandike seli zimejikusanya au? Msimamizi anataka jibu Ijumaa.

bi_takwimu: Programu umeipa eneo gani kwanza? Kama ni mstatili mzima wa picha, basi imehesabu na mifereji kama mahali ambapo osteosaiti ingeweza kukaa, wakati mle ni mishipa ya damu na neva. Ukishakuwa na matundu matupu, nukta zilizobaki zitaonekana zimebanana tu hata kama zimetawanyika ovyo. Chora mipaka ya mifereji na nyufa, uzitoe, urudie.

mdau_maabara: Ni mstatili mzima dada. Nikizitoa inatosha?

nukta_nundu: Haitoshi kaka. K ya kawaida inachukulia msongamano ni uleule kote, na osteosaiti zinafuata tabaka zinazozunguka mfereji, kwa hiyo jaribu Kinhom (K inayoruhusu msongamano ubadilike), msongamano uutegemeshe na umbali kutoka mfereji wa karibu. Halafu kwenye umbali mfupi sana mstari utashuka chini, hapo usije ukaandika seli zinakimbiana, ni vile tu vishimo viwili haviwezi kukaa sehemu moja!!

bi_takwimu: Hata waliosoma uboho ishawapiga chenga. Seli shina za damu zilionekana zimekaa karibu na mishipa, ila ukirusha nukta za kubahatisha kwenye picha ileile ya 3D nazo nyingi zinaangukia karibu na mishipa, maana uboho wenyewe umejaa mishipa, imebidi kila kitu kilinganishwe na hizo nukta. Na kuhusu Ijumaa, mfupa mmoja ni ng'ombe mmoja hata uwe na nukta elfu kumi, mwambie msimamizi unahitaji ng'ombe wengine, rudi buchani.