Naomba ushauri: baba mdogo anataka nifute safari za mama kwenye wasifu wake

Habari zenu wakuu. Mama yetu alitutoka mwezi uliopita na Jumamosi ijayo ni arobaini yake, hapa Mbeya. Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa mistari kumi: kuzaliwa, kuolewa, watoto wanne, wajukuu tisa, kuugua, kufariki. Nilisikiliza nikajiuliza anayesomwa ni nani.

Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Mama akaanza kupanda treni ya TAZARA na mchele wa Kyela hadi Kapiri Mposhi, Zambia, anarudi na vitenge. Maneno yakawa mengi, mjane gani huyu analala njiani. Lakini kila aliporudi, hata iwe saa 8 usiku, alipita kitanda kwa kitanda akitupapasa vichwa, mmoja mmoja, kama anayehesabu. Ndipo anafungua mzigo.

Biashara ilipoisha hakutulia. Akiwa na miaka 63 alimchukua mwanangu, wakati huo ana miaka 6, wakaenda Kigoma kupanda MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, hadi Kasanga alikozaliwa. Njiani usiku mitumbwi ikaizunguka meli, abiria wanapanda kwa kuvutwa. Mama akajifunga kanga kiunoni, mkono mmoja kamshika mjukuu, mwingine anapokea watoto wa watu kutoka mtumbwini. Kijana ana miaka 24 sasa, na usiku huo anausimulia kama wa jana.

Chini ya kitanda chake nimekuta kopo la Blue Band limejaa tiketi. Nimeandika wasifu mpya, kurasa 3. Baba mdogo kausoma, akasema toa hayo ya kuzurura, watu wasije wakafufua maneno. Yeye ndiye mkubwa wetu aliyebaki, sitaki kumvunjia heshima. Nifanyeje?

Mzee wa Mlimba: Pole sana mwanangu. Nimefanya kazi kwenye reli hiyo, akina mama wale tuliwajua. Kati ya Mlimba na Makambako kuna mahandaki mengi, behewa likiingia gizani watoto wanalia, na akina mama hao ndio walioanzisha wimbo. Usiandike "alikuwa mfanyabiashara" ukaishia hapo. Andika alibeba nini na alishukia wapi. Ila kurasa 3 ni nyingi mno kanisani. Ukurasa mmoja na nusu, dakika 5, basi.

MamaWawili: Poleni sana. Swali: baba yako alipofariki, huyo baba mdogo ada yake ya sekondari alilipa nani? Usitujibu sisi. Nenda kwake jioni na lile kopo, karatasi iache nyumbani. Mpe azishike tiketi mwenyewe.

Mtu wa Ujiji: Mungu amrehemu. Wajukuu waandikieni na habari ya meli yenyewe: ilijengwa Ujerumani 1913, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Bibi yao alipanda chombo kilichowahi kulala chini ya ziwa.

Halafu natofautiana kidogo na wenzangu. Usilazimishe kila safari iwe ya ada na chakula. Ile ya Kasanga alikwenda kwa sababu alipenda kwenda. Ukiitafutia kisingizio, umekubali kwamba lilikuwa kosa. Kipande hicho asome mjukuu aliyekuwepo.

Mleta uzi: Ahsanteni sana. Jana nilikwenda na kopo. Baba mdogo alizitandaza tiketi kwenye meza, akazipanga, muda mrefu hasemi kitu. Kisha akauliza, mbona hujaandika tranka? Sikujua habari yoyote ya tranka. Kumbe alipochaguliwa kidato cha kwanza, mama alimnunulia tranka la bati kwa fedha za safari ya Kapiri, akashuka nalo stesheni amejitwisha kichwani, vitenge vimo ndani. Bado analo, anawekea nguo.

Shangazi bado hataki kusikia habari za Liemba, naye nitamwendea kesho. Nimepunguza hadi ukurasa mmoja na nusu. Mwanangu atasoma ya meli. Ya tranka, baba mdogo amesema atasoma mwenyewe.