Ruzuku za elimu wanapewa wenye hela tayari, sisi tunaitwa kupiga picha

Wakuu, naomba nitoe dukuduku maana nikilala nalo tena nitaumwa.

Niko Mtwara. Kikundi chetu kimesajiliwa ngazi ya wilaya, cheti kipo, ada ya mwaka tunalipa, ripoti kwa msajili tunapeleka. Kazi yetu ni kufundisha jioni watoto wa darasa la 2 hadi la 4 ambao wanapandishwa darasa hawajui kusoma. Walimu ni vijana waliosomea ualimu na wako mtaani wakisubiri ajira. Tunatafuta ruzuku ya kuendesha kitu hiki na sijawahi kuona mlango uliojengwa kwa ustadi namna hii kuhakikisha haupiti.

Kila tangazo likitoka, sharti ni lile lile: hesabu zilizokaguliwa za miaka 3. Tukamfuata mkaguzi anayetambuliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Bei aliyotutajia inazidi hela yote tunayotumia muhula mzima, chaki, madaftari na nauli za walimu zikiwemo. Tumlipe na nini? Na ruzuku. Ruzuku inapatikanaje? Kwa hesabu zilizokaguliwa. Ukishuka chini kidogo unakuta tena "uthibitisho wa kusimamia mradi wa kiasi kinacholingana na hiki". Yaani upewe milioni 50 ukionesha kuna mwingine alishakupa milioni 50. Huyo wa kwanza kabisa anatoka wapi?

Na andiko la kuombea fedha liwe la Kiingereza, kuhusu watoto wasiojua kusoma Kiswahili. Ndiyo maana mjini kuna watu wanaishi kwa kuandika maandiko. Unamlipa kianzio, na hela ikitoka anataka asilimia yake. Wetu alituletea kazi nzuri sana, imepangwa, ina majedwali ya rangi. Tunasoma ukurasa wa sita, tunakuta mradi utawanufaisha "watoto wa jamii za wafugaji wa Longido". Longido ya Arusha, wakuu! Sisi huku tuna mikorosho na bahari.

Sasa njooni kwenye uji, hapa ndipo damu inachemka. Watoto wanatoka shule mchana, saa 10 wako kwetu, wengi hawajatia kitu tumboni. Kwenye bajeti tukaweka unga, sukari na kuni. Ilivyorudi kutoka kwa wafadhili, mstari wa uji umekatwa kwa wino mwekundu: chakula si gharama inayokubalika. Mstari wa juu yake, ambao waliuweka wao wenyewe kwenye fomu, ni warsha ya siku 2 hotelini, chai ya saa 4, chakula cha mchana na posho za washiriki. Ule haujaguswa. Kumbe chakula kinakubalika, inategemea anayekula ni nani.

Kuna shirika moja kubwa, silitaji, lilikuja na gari mbili likasema linataka "ushirikiano". Wakachukua daftari zetu za mahudhurio, wakapiga picha watoto wakisoma, wakaenda. Baadaye tunasikia wamepata fedha. Sisi tulipata bango na fulana. Watoto tuliowafundisha bila wao kununua hata kipande cha chaki, kwenye ripoti yao ni "wanufaika waliofikiwa".

Msidhani naota miujiza. Novemba 2021 bosi wa USAID, shirika la misaada la Marekani, wakati ule Samantha Power, alitamka hadharani kwamba ndani ya miaka minne robo ya fedha zao itaenda moja kwa moja kwa mashirika ya wenyeji. Mtwara tunawafahamu, mradi wao wa kusoma, Tusome Pamoja, ulikuwa huku. Tukasubiri. Januari 20, 2025 Trump akasaini agizo la kusimamisha misaada siku 90, Machi waziri wake wa mambo ya nje, Rubio, akatangaza asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, Julai 1 shughuli za misaada za USAID zikafungwa. Matokeo yake yale mashirika makubwa yaliyokauka yameshuka kugombea vile viruzuku vidogo tulivyokuwa tunavizia sisi. Wana wahasibu, wana hesabu za miaka 10 siyo 3. Unashindana nao vipi?

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi "nendeni halmashauri, kuna asilimia 10 ya mapato yao ya ndani". Mkuu, ile ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na ni MKOPO. Haina riba, sawa, ila inarejeshwa. Mtoto wa darasa la 2 atarejesha na nini, na irabu? Mfuko wa Elimu wa TEA, Mamlaka ya Elimu Tanzania, nao unajenga madarasa, vyoo na nyumba za walimu, jambo jema, siwalaumu. Uji na nauli ya mwalimu wa kujitolea haumo.

Halafu kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi milioni 20 uupeleke Hazina na kwa msajili ndani ya siku 10. Tupeni hilo tatizo tu, tutapeleka siku ya kwanza asubuhi.

NYONGEZA: Aliyeuliza tunahitaji kiasi gani, ni nauli za walimu watano, uji siku nne kwa wiki, na vitabu vya hadithi vya Kiswahili. Basi. Hakuna gari, hakuna kompyuta. Mwenye kumjua mfadhili anayepokea andiko la kurasa 3 kwa Kiswahili na kuridhika na taarifa ya benki badala ya mkaguzi, aweke jina hapa hapa hadharani wote tuone. Wauza "orodha ya wafadhili 500" kwa elfu 20 msije PM, tulishainunua, nusu ya barua pepe zinagonga ukuta.