Mjadala: Marlin Briscoe alipewa nafasi mpya au alinyang'anywa ya kwake?

MLETA MADA

Wakuu, kuna hoja inajirudia kila likitajwa jina la Marlin Briscoe: alitolewa kwotabeki akafanywa mdakaji, akang'ara, kwa hiyo waliomhamisha walikuwa sahihi. Siikubali hata kidogo, na naileta hapa tuijadili.

Kwa wasiofuatilia mpira wa Kimarekani, kwotabeki ndiye ubongo wa shambulizi. Anaanza na mpira mkononi, anasoma ulinzi, anaamua pasi iende kwa nani. Mdakaji anakimbia, anamkwepa beki, anaidaka. Ni kama kumtoa namba 10 wako ukampeleka winga. Bado anacheza, lakini timu haichezi tena kwa kichwa chake.

Briscoe alikuwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Omaha, Nebraska. Mwaka 1968 timu ya Denver Broncos ilimchagua katika raundi ya 14 ya drafti, yaani zoezi la timu za kulipwa kuchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, na walimtaka awe beki. Ndivyo ilivyokuwa desturi: kijana Mweusi aliyeongoza timu ya chuo akifika kwenye ligi ya kulipwa anapelekwa ubeki au udakaji, kwa imani kwamba mbio anazo ila akili ya kuongoza hana. Briscoe aligoma kusaini mpaka wakubali kumjaribu katika nafasi yake. Wakamjaribu, wakamrudisha ubeki vilevile.

Kisha kwotabeki wao, Steve Tensi, akaumia. Tarehe 6 Oktoba 1968 Briscoe akawa Mweusi wa kwanza kuanza mechi kama kwotabeki katika AFL, moja ya ligi za kulipwa za wakati ule. Alianza mechi 5 tu msimu ule, lakini akapiga pasi 14 za tachidauni, yaani za kufunga pointi mwishoni mwa uwanja. Kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza, rekodi hiyo ilidumu Denver hadi 2024 alipoivunja Bo Nix. Miaka 56, wakuu!

Zawadi yake ikawa nini? Mwaka uliofuata, kwa maelezo yake mwenyewe, makocha walikuwa wakikaa vikao na makwotabeki bila yeye. Akaomba aachiwe. Buffalo Bills wakamchukua, ila kwotabeki walikuwa nao tayari, wakamfanya mdakaji. Mwaka 1970 akadaka pasi za yadi 1,036 na kuchaguliwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Akahamia Miami Dolphins akabeba Super Bowl mbili, yaani fainali ya ubingwa, ya kwanza katika ule msimu wa 1972 ambao Miami hawakufungwa hata mechi moja.

Sasa semeni: alipewa au alinyang'anywa?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, umeleta tachidauni 14 umeficha mengine. Pasi zilizofika ni 93 kati ya 224, na 13 zilinaswa na wapinzani. Urefu wake kama sentimita 178, anachungulia nyuma ya majitu. Halafu Julian Edelman je? Mzungu, kwotabeki wa Kent State, New England Patriots walimchukua raundi ya 7 mwaka 2009 wakamgeuza mdakaji. Februari 2019 akawa mchezaji bora wa Super Bowl. Naye alionewa kwa rangi yake?

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi pete mbili za ubingwa ningezipokea kwa mikono miwili. Wangapi walikaa kwotabeki maisha yao yote na hawana hata moja?

MLETA MADA

Ndugu yangu wa kwanza, takwimu zako ni za kweli na nilipaswa kuziweka. Lakini ni za kijana wa mwaka wa kwanza aliyesajiliwa kama beki. Kwotabeki mchanga hutupa pasi mbovu, kisha hufundishwa. Yeye hakufundishwa, alifungiwa mlango wa kikao.

Edelman ni mfano mzuri, na ndiyo maana unanisaidia. Alipimwa yeye kama Edelman, kwenye timu iliyokuwa na kwotabeki nyota, Tom Brady. Hakuna aliyewahi kusema vijana wa Kizungu hawana kichwa cha nafasi ile.

Mtazame Lamar Jackson. Alishinda Heisman ya 2016, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa kwotabeki wa Louisville. Bado mwaka 2018 Bill Polian, meneja mkuu wa zamani wa timu ya Colts, alisema hadharani kijana ahamie udakaji. Jackson akakataa katakata. Baltimore Ravens wakamchukua wa 32 kwenye drafti, na msimu wa 2019 akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote 50. Akarudia 2023. Polian mwenyewe alikuja kukiri kwamba alikosea.

Je, kama Jackson angekubali kuhamishwa? Kwa mbio zile huenda angekuwa mdakaji mzuri sana. Leo tungekuwa hapa tunaambiana kwamba waliomhamisha walikuwa na jicho la mpira. Ndiyo sababu yadi 1,036 za Briscoe haziwezi kuwa ushahidi wa kuwatetea Denver. Zinaonyesha alichoweza kufanya baada ya mlango kufungwa, basi.

Na wewe wa pili, pete hizo ni halali yake, alizitolea jasho. Ila nami nina swali kwenu wote wawili: nitajieni kwotabeki mmoja Mzungu wa enzi ile aliyepiga tachidauni 14 mwaka wake wa kwanza, kisha mwaka wa pili akanyimwa hata kiti kwenye kikao.