Kikomo cha euro 18,000 ni geresha: ruzuku ya vyama vya Ulaya ina mlango wa uani

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni kwa wanaofuatilia siasa za Umoja wa Ulaya, hasa ndugu zetu mnaolipa kodi huko. Ukiuliza vyama vya ngazi ya Ulaya (EPP, PES, ALDE na wenzao, yaani miungano ya vyama vya mataifa) vinapata wapi fedha, unajibiwa kila kitu kiko wazi. Si kweli, na inaudhi.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1141/2014, kama ilivyorekebishwa 2018, inasema chama kilichosajiliwa chenye walau mbunge mmoja wa Ulaya kinaweza kupata ruzuku. Asilimia 10 ya fungu inagawanywa sawa kwa sawa, 90 kwa uwiano wa wabunge. Mwaka 2023 fungu lilikuwa euro milioni 46. Ruzuku inabeba hadi asilimia 90 ya matumizi yanayokubalika, na 10 chama kijitafutie, kuonyesha kina watu nyuma yake. Kabla ya 2018 ilikuwa 15. Ikawashinda, wakapunguziwa!

Sasa tazameni hiyo 10 inavyopatikana. Mfadhili, awe mtu au kampuni, haruhusiwi kuvuka euro 18,000 kwa mwaka. Akichangia zaidi ya euro 3,000, jina linatangazwa. Mchango mmoja ukizidi 12,000, Mamlaka inayosimamia vyama hivi iarifiwe mara moja. Hapo sina ugomvi. Lakini chama cha taifa kinapolipa ada ya uanachama, kile kikomo cha 18,000 hakikihusu. Kinachobana ni kwamba michango yote ya wanachama isizidi asilimia 40 ya bajeti ya mwaka.

Ujerumani sheria haina kikomo cha mchango kwa chama. Kampuni ikikipa chama cha huko euro 200,000, kisha chama kikalipa ada kwa chama cha Ulaya huko Brussels, hesabu za Brussels zitaonyesha jina la chama basi. Ndiyo, kampuni itatangazwa Ujerumani, lakini hakuna karatasi inayounganisha fedha hizo mbili. Ufaransa makampuni yamepigwa marufuku kuchangia vyama, na mtu mmoja mwisho euro 7,500 kwa mwaka. Ada ya Mjerumani na ya Mfaransa zinakaa jedwali moja kana kwamba zimechujwa sawa.

Tena vyama vingi vya taifa vinaishi kwa ruzuku za serikali zao. Fedha ya umma inatolewa kama "jasho la chama" ili ilete fedha nyingine ya umma. Hiyo asilimia 10 inathibitisha nini?

Upande wa matumizi nako hovyo. Kanuni inakataza kufadhili vyama vya taifa, lakini hesabu zilizokaguliwa huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa, uchaguzi umeshapita. Kumbukeni ADDE, chama cha Ulaya kilichotawaliwa na UKIP, chama cha Uingereza. Novemba 2016 ofisi ya uongozi ya Bunge ilikataa takriban euro nusu milioni ya matumizi yake ya 2015, zikiwemo gharama za tafiti za maoni ya wapiga kura majimboni Uingereza. Mwaka 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg ikabatilisha uamuzi huo, kwa kuwa mjumbe mmoja wa ofisi hiyo alishaonyesha upande wake hadharani. Wanasiasa kuwahukumu wapinzani wao, mlitegemea nini?

Kinachotakiwa: kila ada inayozidi euro 18,000 iambatane na orodha ya wafadhili wakubwa wa chama kilicholipa, na ada itokanayo na ruzuku ya serikali isihesabiwe kwenye ile 10. Mwenye hoja ya kupinga aje na kifungu.