Tairi za mbele za tinga (trekta)

Gasto: Shikamooni wakubwa. Tinga linanitesa huku, nimetoka nalo Igurusi naelekea Chimala usukani mzito balaa, nataka kutoa fowili, ile ya kuendesha magurudumu yote manne, levaa haitoki

Bamdogo: Marahaba. Fowili kwenye lami ya nini?

Gasto: Nimetoka majarubani na matope nikasahau

Bamdogo: Piga rivasi taratibu mita chache ndo uvute

Gasto: Imetoka!! Imelia KAA mpaka watu wa bodaboda wamegeuka 😅

Dada Tuma: Zile tairi mpya za mbele ni saizi ya zile za zamani kweli?

Gasto: Rimu ile ile dada, 24. Muuzaji kasema zinaingia na zimeingia

Bamdogo: Soma ubavuni

Gasto: 11.2-24. Za zamani 12.4-24

Bamdogo: Ndo ugonjwa wenyewe. 24 ni rimu tu, ile ya kwanza ni upana kwa inchi, upana ukipungua na kimo kinashuka, hapo umepoteza kama inchi 2 kwenda juu. Sasa gia za mbele na nyuma zimepangwa kiwandani hazijui kama umebadili tairi. Mbele inatakiwa itangulie nyuma kidogo, asilimia 1 mpaka 5, ivute. Yako inaburuzwa. Kwenye matope inateleza huoni kitu, kwenye lami haina pa kutelezea mzigo wote unaishia kwenye shafti na gia

Gasto: Duh. Si niongeze upepo tu?

Bamdogo: Upepo unasaidia kiduchu, inchi 2 haujazi. Chora chaki tairi ya nyuma na ya mbele, tembea kwenye udongo mkavu nyuma izunguke mara 10, hesabu mizunguko ya mbele fowili ikiwa nje (imetolewa), rudia ikiwa ndani (imewekwa)

Gasto: Nimerudi. Nje 13 na robo tatu, ndani 13 na nusu. Tuma ndo kahesabu, mimi nilipotea kwenye 9

Dada Tuma: Kapotea mara mbili 😂

Bamdogo: Umeona? Ikiwa ndani ilitakiwa izidi, yako imepungua. Tafuta 12.4 na zote mbili, usichanganye mpya na kipara

Gasto: Muuzaji hapokei, anasema zishaingia tope

Mama: Zioshe basi. Na mpunga wa watu wa kesho mnalima na nini?

Bamdogo: Alime fowili ikiwa nje, eneo lenye tope zito aliache mpaka tairi zije

Gasto: Sawa. Tuma njoo na sabuni