Hita ya chai inachelewa na ekstensheni inalainika: hesabu yake naipigaje?

Kijana wa Barabara ya 12
Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni. Nipo Tanga mjini, Ngamiani. Mama anauza chai na vitumbua kwenye kibanda cha nje, umeme tunauvuta kutoka sebuleni kwa ekstensheni ya mita 20. Hita ya kuchemshia maji imeandikwa wati 2000, volti 230, haina hata miezi mitatu. Mwanzoni iliwahi, siku hizi wateja wa alfajiri wanafika maji hata hayajaanza kuimba. Muuzaji anasema hita imekufa, ninunue nyingine. Jirani anasema umeme wa mtaa ni mdogo.

Jana fundi wa mtaani alikuja na mita ya umeme, ile ya kubana waya. Bila hita, soketi ya ukutani ilisoma volti 228. Hita ikiwaka, mwisho wa ekstensheni volti 207. Mkondo ampea 7.8 (alitenganisha waya akabana mmoja tu, anasema ukibana yote miwili pamoja mita inasoma sifuri). Katikati ya ekstensheni kuna kiungo kimefungwa tepu nyeusi, ukikiminya kinabonyea kama mshumaa na kinanuka plastiki. Fizikia niliishia kidato cha pili. Nisaidieni kabla sijatoa hela ya mama.

Mwana Pangani
Umeme mdogo huo. Volti zikishuka ampea zinapanda, ndiyo maana waya unachemka. Nunueni stabilaiza.

Fundi Raskazoni
Kijana, kwanza zima hiyo ekstensheni sasa hivi, mama asiiguse. Halafu namba moja inakosekana: hita ikiwa inawaka, soketi ya ukutani inasoma ngapi?

Kijana wa Barabara ya 12
Fundi aliiandika: 222. Nimeshachomoa, mama amerudi kwenye mkaa.

Fundi Raskazoni
Vizuri. Sasa twende taratibu.

Ukinzani ni volti gawanya kwa ampea. 207 ÷ 7.8 = omu 26.5. Hiyo ndiyo hita yako. Linganisha na maandishi yake: volti zizidishe zenyewe kwa zenyewe, ugawe kwa wati. 230 × 230 ÷ 2000 = omu 26.45. Zinalingana! Hita ni nzima kabisa, usinunue nyingine.

Nguvu ni volti mara ampea. 207 × 7.8 = wati 1,615. Ndiyo maana maji yanachelewa: mnakosa karibu wati 400.

Mwana Pangani, usemayo ni kweli kwa mota iliyobeba mzigo. Hita haifanyi hivyo. Ukinzani wake haubadiliki sana, kwa hiyo volti zikishuka na ampea zinashuka.

Sasa tazama volti zinapotelea wapi. Ukutani 222, mwisho wa ekstensheni 207: volti 15 zimebaki njiani. 15 × 7.8 = wati 117 za joto ndani ya ekstensheni. Waya wake una unene gani?

Kijana wa Barabara ya 12
Umeandikwa 0.75.

Fundi Raskazoni
Basi mita 20 kwenda na 20 kurudi ni mita 40 za shaba. Shaba ya unene wa milimita moja ya mraba ina omu 0.0172 kwa mita, kwa hiyo 40 × 0.0172 ÷ 0.75 = omu 0.92. Lakini ekstensheni nzima ina 15 ÷ 7.8 = omu 1.92. Omu 1 iliyobaki haitoki kwenye waya, ipo kwenye maungio, na kwa ulivyokieleza, kiungo cha tepu ndicho cha kwanza kushukiwa. Joto lake ni ampea mara ampea mara omu: 7.8 × 7.8 × 1 = wati 61. Unaikumbuka balbu ya zamani ya wati 60, ilivyounguza kidole? Hiyo umeifungia ndani ya tepu, kando ya ukuta wa mbao kama ni mbao. Nimeona nyumba ikianza kuungua kwa kiungo kama hicho, siandiki kukutisha.

Weka waya wa 2.5, mzima bila kiungo, wenye ethi, na plagi ya ampea 13 yenye skrubu zilizokazwa.

Binti Muheza
Nyongeza: ukitaka kupima omu za hita moja kwa moja, chomoa kwanza, usiweke mita kwenye omu umeme ukiwepo. Na balbu ya waya usiipime baridi ukaamini, ikiwaka ukinzani wake unaongezeka zaidi ya mara kumi. Friji nayo ina mota, si kama hita, usiipigie volti mara ampea ukadhani umepata wati zake kamili.

Kijana wa Barabara ya 12
Wakuu, mrejesho. Tumefungua kiungo: nyuzi zilisokotwa tu kwa mkono, nusu zimekatika, zilizobaki zimeota ukijani, nadhani ni chumvi ya hewa ya hapa pwani. Na ukuta ni mbao kweli. Fundi amefunga waya wa 2.5. Hita ikiwaka sasa inasoma volti 219, ampea 8.3. Nimezidisha mwenyewe: wati 1,818. Baada ya saa nzima nimepitisha mkono waya wote, hakuna palipo moto. Zile volti 6 za ukutani je?

Fundi Raskazoni
Hizo ni kawaida kwa mzigo huo. Ila mwambie fundi azime meni swichi, afungue soketi ya sebuleni akaze skrubu za nyuma. Msalimie mama.