Naomba ushauri: tundu la usalama la EAP (CVE-2020-8597) kwenye lwIP ya zamani

Habari zenu wakuu. Natunza programu ya kifaa kinachotuma vipimo vya maji kwa modemu ya simu. Kinatumia PPP (itifaki ya kuunganisha vifaa viwili moja kwa moja) ya lwIP, maktaba ya mtandao ya vifaa vidogo, toleo la zamani lililokuja na bodi, na aliyekompaili aliwasha EAP (njia mojawapo ya uthibitishaji).

Msimbo huo wa uthibitishaji ulitoka kwenye pppd (programu ya PPP ya Linux), na tundu lake likaja nao. Jina la upande wa pili linanakiliwa kwenye bafa (eneo la kumbukumbu) ya baiti 256, `rhostname`, ila sharti la kukagua urefu ni `vallen >= len + sizeof(rhostname)` (`len` ni baiti zilizobaki kwenye pakiti, `vallen` ni urefu wa thamani inayotangulia jina). Haliwezi kutimia, maana mistari ya juu yake imeshakataa `vallen` inayozidi `len`. Jina refu linafurika hadi kwenye steki (kumbukumbu ya muda ya programu), tena kabla nywila haijathibitishwa! Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu vifaa viko kwa wateja na kusasisha ni mpaka mtu aende na kebo.

Nimeandika `len - vallen >= sizeof(rhostname)` kwenye funksheni za `eap_request` na `eap_response`. Modemu inaunganishwa kama kawaida, lakini hiyo si ithibati kwamba tundu limezibwa.

Naomba kujua:

Kwa kuwa mtandao wetu unatumia CHAP tu (njia nyingine ya uthibitishaji), niondoe kabisa `EAP_SUPPORT` (chaguo linalowasha EAP wakati wa kukompaili) badala ya kutegemea kiraka?

Pia, nikiunganisha bodi na kompyuta ya Linux kwa waya wa serial, ni zana gani itanisaidia kutuma pakiti ya EAP MD5 (aina ya EAP inayobeba jina hilo) yenye jina linalozidi baiti 256?

Natanguliza shukrani.